Panga Chini ya Godoro

Binti mmoja alijitolea kwenda kuhudumu katika kambi ya kanisa ya wavulana watukutu, likizo ya Juni. Wavulana wenyewe mnawajua: wengine wametoka mahabusu ya watoto, wengine wameshindikana nyumbani. Binti alikuwa msomi, tena mwombaji. Lakini moyo wake haukutulia hata dakika. Mvulana akiinama tu kufunga kamba za viatu, yeye anashtuka.

Kambini palikuwa na utaratibu. Kila mvulana alikabidhiwa chombo kimoja mbele ya wenzake: huyu jembe, yule sufuria, mwingine ndoo. Hiyo ndiyo dhamana yake. Akikipoteza, anarudishwa alikotoka. Mvulana mmoja mrefu, mwenye kovu shavuni, alikabidhiwa panga la kuchanjia kuni. Akalinoa mpaka likang'aa, akalifuta kwa shati lake mwenyewe.

Binti alipoliona, akajiuliza: Amelinoa hivyo la nini? Jioni, wavulana wakiwa mtoni wanaoga, akalichukua jikoni akalisukuma chini ya godoro lake. Akajiambia, ni kwa usalama wa wote. Je, sisi hatujawahi kuivika hofu yetu vazi la busara?

Asubuhi hapakuwa na kuni, wala uji.

"Dada, hujaliona panga langu?" mvulana akauliza. Alikuwa ameshapekua hadi ndani ya mapipa.

"Mimi? Sijaliona." Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Wenzake wakaangua kicheko. "Kaliuza huyo! Huyu ukimwachia bibi yako, ukirudi unakuta ameshapata mteja!"

Mchungaji wa kambi akaja. "Mwanangu, panga liko wapi?"

Mvulana akatazama chini. "Nimeliuza, Baba Mchungaji."

"Umemuuzia nani?"

"Mtu tu. Barabarani."

Mchungaji akashusha pumzi, akaagiza gari liandaliwe. Binti akaganda. Ameliuzaje panga ambalo yeye amelilalia usiku kucha, likimchoma mbavu? Akamfuata mvulana bwenini, akamkuta anakunja blanketi.

"Mbona umesema uongo?" akamnong'oneza.

"Nimezoea, dada. Ukikubali, unapigwa mara moja. Ukikataa, unapigwa mpaka ukubali." Akaendelea kukunja. Kisha mikono ikasimama, akainua macho. "Lakini wewe, dada, umejuaje kwamba ni uongo?"

Ndugu zangu, binti yule angeweza kutoka nje kimya. Gari lilikuwa linaunguruma tayari. Nani angejua? Alisimama pale akihisi miguu inataka kukimbia yenyewe. Kisha akaenda chumbani kwake, akainua godoro, akatoka na panga mkononi mbele ya kambi nzima. Akamgeukia mchungaji: "Ni mimi. Nililichukua. Nilimwogopa."

Mvulana akalipokea panga, akapitisha kidole kwenye makali, akamtazama binti kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umechukua kisicho chako, ukaficha, ukaulizwa ukakana," akasema. "Dada, karibu kambini. Sasa umefika."

Wavulana walicheka mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia. Binti hakucheka. Aliketi chini, udongoni, katikati yao, akalia.

Na sisi je? Tunakwenda kwa watu tukiwa tumeshawahukumu moyoni, kisha wakikiri hata wasichotenda, tunatikisa kichwa: "Nilijua tu." Tulijua nini? Tunamwomba Mungu awabadilishe wao, na hatuoni kwamba walikaribia kupotea mikononi mwetu.

Ninyi mnaoondoka Jumatano kwenda kuhudumia vijana wetu, nawasihi: mkimkabidhi mtoto dhamana, mkabidhini kweli. Na kama yupo anayewaogopa, asione haya. Apite hapa mbele sasa hivi, aiseme hofu yake kwa sauti, tumwombee kabla hajapanda basi.