Sifuri za Wachangiaji Damu

Wanawake watatu walifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha hospitali moja ya wilaya. Kokuteta alikuwa na jicho: kosa likijificha, hulifumania. Tumpale alikuwa na vidole: ukiwaza jambo, ameshaliandikia programu. Mwajabu alikuwa na shaka: hata chai aliyoichemsha mwenyewe aliinusa kwanza.

Asubuhi moja Siwema alijifungua mtoto wa kike, lakini damu ikakataa kukatika. Kundi lake la damu ni adimu, na akiba ilikuwa imekwisha. Ujumbe ukatumwa kwa wachangiaji arobaini walioorodheshwa. Haukumfikia hata mmoja.

Kokuteta akatupa jicho. "Namba za simu zinaanza na sifuri. Mtambo wa ujumbe unataka 255, namba ya nchi."

"Umejuaje upesi hivyo?" Mwajabu akauliza.

"Nina macho, dada."

Tumpale akaandika mstari mmoja tu: penye sifuri, weka 255. "Tayari. Natuma."

Mwajabu akamdaka mkono. "Usiguse! Nionyeshe namba moja kwanza."

"Shoga, mtu anakufa!"

"Nionyeshe."

Wakatazama. Namba ilikuwa ndefu kama treni: kila sifuri, ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho, imegeuka 255. Tumpale akarekebisha: sifuri ya mwanzo peke yake. Ujumbe ukaruka. Kabla ya adhuhuri wachangiaji watatu walikuwa vitandani, mikono imenyooshwa.

Siwema alipopata nguvu alimwita Mwajabu. "Mtoto nitampa jina la aliyeniokoa kati yenu watatu wa kompyuta. Ni mmoja, hatabeba majina matatu. Nitajie, dada."

 Mwajabu alikuwa ameshafungua kumbukumbu za ile orodha, zinazoonyesha nani alibadilisha nini. Wiki iliyopita kila namba ilianza na 255. Aliyeweka sifuri, ili wauguzi wapige simu bila usumbufu, ni Kokuteta. Hilo ndilo jicho lake! Na Tumpale nusura atume ujumbe kusikojulikana.

Basi amebaki Mwajabu. Lakini Mwajabu hajajaliwa mtoto, na tangu Siwema aseme, alikuwa akilisikia jina lake likiitwa uani, mtoto akiitika. Kwa mara ya kwanza akajinusa mwenyewe: anataka ukweli, au anataka jina?

Mtoto akalia. Siwema anasubiri.

Bila jicho, kosa lisingeonekana. Bila vidole, lisingerekebishwa. Bila shaka ya Mwajabu, ujumbe ungepotea. Haya, nyinyi mliotega masikio: Mwajabu aseme alichokiona, au anyamaze? Na yule mtoto, mngemwita nani?