Zurara na Amri ya Kadhi Iliyochanwa

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja uliopakana na jangwa aliishi mja mwema aliyeitwa Zurara bin Wahbi. Kazi yake ilikuwa kutekeleza hukumu za Kadhi Iyadhi. Alikuwa mtu wa ibada, lakini hasira zake zilikuwa karibu mno, na kila alfajiri alimwomba Mola wake amkinge nazo.

Siku moja kadhi alimhukumu Khidashi, ndugu yake Amiri mtawala wa mji, aondoe mawe aliyoziba nayo mfereji wa mjane Umama. Mitende ya mjane ilikwisha anza kunyauka, na mayatima wake hawakuwa na riziki nyingine. Zurara akaipeleka amri. Khidashi akaisoma mlangoni pake, akacheka, akaichana vipande vipande, kisha akamzaba Zurara kofi mbele ya watumishi.

"Mwambie kadhi wako kwamba ndugu yangu ndiye aliyemkalisha pale!"

 Mkono wa Zurara ukaenda kwenye upanga. Akaurudisha, akasema, "Audhu billahi," akashika njia ya mahakamani.

Kadhi Iyadhi aliposikia yaliyotokea alisimama. "Karatasi ameichana, hukumu ingali nzima. Nenda ukamlete. Wala usisahau, ewe Zurara: nimekutuma umlete, sikukutuma umwadhibu. Mwili wake ni amana mikononi mwako."

Subhanallah! Zurara aliporudi kwa Khidashi alikuta njia imefurika watu. Habari za lile kofi zilikwisha fika sokoni, na watu wametoka na majembe na vijinga vya moto, wanapiga kelele hata hasikii hatua zake mwenyewe.

"Kofi lako tutalilipa sisi!" akanguruma Jundubu, muashi jirani yake. "Sema neno moja tu, nyumba hii iwe majivu!"

Neno moja! Shavu lilikuwa bado linamwaka, na nafsi ikamnong'oneza kwamba hata si yeye atakayewasha. Akainua macho, akamwona Khidashi dirishani, uso umemsawijika kwa hofu.  Ndipo Zurara akaligeuzia lango mgongo, akawakabili watu wake mwenyewe, akanyoosha mikono.

"Kadhi amesema maji, hakusema moto! Atakayeichoma nyumba hii ameidharau mahakama kama alivyoidharau mwenye nyumba!"

"Unamtetea aliyekupiga?"

"Naitetea amri niliyopewa. Nipisheni!"

Akaingia, akatoka na Khidashi amemfunika joho lake. Jiwe likarushwa, likampata Zurara kwenye paji la uso. Damu ikamtiririka hadi machoni, asimwachie. Watu walipoiona damu ya mtu wao wakaona haya, njia ikafunguka, na umati wote ukawafuata hadi mahakamani.

"Hutapigwa," kadhi akamwambia Khidashi. "Utakaa kifungoni mpaka utakapokubali kuyaondoa mawe kwa mkono wako. Ukikubali sasa, utatoka sasa." Akamgeukia Zurara. "Na lile kofi?"

"Kofi lilikuwa haki yangu, ewe Kadhi, nami nimelisamehe kwa ajili ya Allah. Lakini amri si yangu. Siwezi kuisamehe."

Zurara alitarajia kulisikia tena jina la Amiri. Halikutajwa. Khidashi alikuwa akiitazama damu iliyodondokea lile joho. "Nakubali," akasema kwa sauti ndogo. "Nipelekeni mferejini."

Mji mzima ukakimbilia huko! Ndugu yake Amiri amekunja kanzu, tope limemfika magotini, anang'oa jiwe baada ya jiwe, na kila jiwe linapotoka watu wanapiga takbiri. Maji yalipobubujika, mjane Umama alisujudu palepale kwenye matope. Wanasema Zurara alilia kuliko mjane mwenyewe, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua jinsi alivyokaribia kuuachia umati ule.

Basi, enyi waumini, tumwombe Mola atujaalie kuitii hukumu ya haki hata inapotuuma. Na tukipewa dhamana ya kuitekeleza, tusiiongezee kisasi chetu wala tusiipunguze kwa kuwaogopa wakubwa. Amin.