Kijiko cha Bibi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba kweli? Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, babu za babu zenu wakiwa bado wananyonya, kulikuwa na kijiji kati ya mito miwili. Masika yakiingia, mito inafurika. Haingii mtu, hatoki mtu. Kijiji kilikuwa na chuo cha kusomeshea watoto, kibanda kimoja na mwalimu mmoja, na watoto walikunywa maji ya mtoni, hivyohivyo yalivyotekwa.

Msimu mmoja wa masika watoto wakaanza kuhara. Leo huyu, kesho yule. Na desturi ya kijiji ilikuwa hii: mtoto akihara, anakaushwa. Hapewi hata tone la maji, ati kinachoingia ndicho kinachotoka. Wakakauka kweli, maskini, na makaburi yakaongezeka.

Kulikuwa na kizee mmoja, Bibi Mashavu. Hakuna aliyemwita. Alijitwika chungu chake, akabeba kuni, akaenda akaketi uani pa chuo. Akachemsha maji, bwata, bwata, bwata. Mwalimu akamwuliza ametumwa na nani. Akajibu hajatumwa, na ujira hataki. Aletewe tu watoto wanaoumwa.

Wa kwanza aliyeletwa na mwalimu alikuwa Mbwana, mtoto wa pekee wa mwanakijiji mmoja, Shekue. Alikuwa hoi. Macho yamezama, midomo imepasuka, analia machozi hayatoki. Tangu jana hajakojoa. Bibi akamlaza mkekani chuoni, akampikia uji mwepesi, akautia chumvi kidogo, akamnywesha kwa kijiko cha mti. Kijiko, akasubiri. Kijiko, akasubiri.

Habari zikamfikia Shekue. Akaja mbio na rungu mkononi, pu, pu, pu, akasimama mlangoni.

"Bibi, unaniulia mtoto."

"Anakufa kwa kiu, baba."

"Akifa, nawe hutoki humu."

Bibi hakugeuka. "Wangu mimi alikaushwa," akasema. "Alikufa akiniomba maji. Huyu hataniomba akakosa."

Rungu likainuka. Mwalimu akafumba macho. Bibi akachota kijiko kingine, akampa mtoto, na Mbwana akatapika vyote.

Shekue akaguta kwa hasira. Bibi akampangusa mtoto mdomo, akangoja kidogo, akaanza upya, polepole zaidi. Kijiko, akasubiri. Mkono wake ulitetemeka, maana aliogopa, jamani, asiwadanganye mtu kwamba hakuogopa. Jua likapanda. Jua likapinda. Kijiko, akasubiri. Na rungu lilikuwa bado juu ya bega la Shekue.

Mara, shwaaa!

Mbwana amekojoa. Mkojo ukapita chini ya mkeka, ukatambaa sakafuni, ukafika miguuni kwa baba yake. Shekue akautazama. Rungu likamponyoka, likaanguka, puu. Akapiga magoti palepale penye mkojo, akalia kama mtoto mdogo.

Alipoweza kusema, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi kijiko, Bibi. Wewe kamwangalie mwingine."

Basi wanangu, mtoto akiumwa usingoje kuitwa wala kutumwa. Inuka uende, hata kama mkono unatetemeka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeshikwa na kiu akanywe, lakini maji ya kuchemsha.