Pengo la Ndunge na Mbuzi wa Kyalo

Kipande kwako, kiraka kwa mwenzio. Methali hii ilianza hivi, na wewe Muthini acha kucheka, maana ilianzia kwa mbuzi watatu na shangazi yako.

Shangazi yenu Ndunge alikuwa daktari wa mifugo katika maabara moja huku kwetu Kitui. Mwaka huo mbuzi walishikwa na ugonjwa usiojulikana, wakawa wanakohoa na kufa. Minada ikafungwa, ikakatazwa mbuzi yeyote asivushwe mto. Sasa oneni balaa! Mdogo wake, kijana mmoja Kyalo, mnamjua, alikuwa anaoa. Na kwetu Wakamba, bila mbuzi watatu wa ntheo kufika kwa kina binti, hata mkizaa watoto kumi hiyo haiitwi ndoa. Mbuzi wa Kyalo walikuwa ng'ambo hii ya mto, mchumba ng'ambo ile, na baba mkwe ameanza kununa.

Ndunge akahangaika. Alichukua damu ya mbuzi wagonjwa, akasoma kwa mashine maandishi ya jeni ya kirusi, kile kidudu kiletacho ugonjwa, yale yanayoonyesha ni cha ukoo gani na chanjo ipi itafaa. Lakini joto lilikuwa limeharibu damu ile. Maandishi yakatoka na pengo katikati, tena pale penyewe pa kuonyesha chanjo.

Lipo ghala la wazi mtandaoni. Wataalamu wa dunia nzima huweka humo maandishi ya virusi, na yeyote huchukua bila kubisha hodi. Ndunge alilijua. Ila desturi ya maabara yao ilikuwa kwamba kazi yenye pengo haitoki nje. "Nguo iliyotoboka haivaliwi arusini," mkubwa wake Bwana Musembi alipenda kusema. Ndunge naye aliona haya, akakificha kipande chake.

Kyalo akapiga simu. "Dada, umefikia wapi?"

"Nina kipande tu. Kina pengo."

"Si uwaulize wenzako?"

"Watanicheka, Kyalo."

"Ala! Utotoni ulinituma kwa jirani na kikombe kitupu nikaombe chumvi, nikaona haya mpaka kisogoni. Ulisemaje? 'Usipokionyesha, nani atakitilia?' Leo zamu yako!"

Ndunge akacheka mpaka akatokwa na machozi. Akamwendea Bwana Musembi, wakavutana weee, mwishowe mzee akasema, "Haya, kiweke. Wakitucheka, nitasema nilikuwa likizo."

Kesho yake ikaingia simu kutoka Lira, Uganda. Alikuwa mtafiti aitwaye Akello, anapiga kelele kwa furaha. Mbuzi wa kwao nao walikuwa wakifa, naye alikuwa na kipande alichokificha kwa haya ile ile: katikati kizima, kando kote kimeliwa. "Kumbe ninachokosa unacho wewe!" Akakiweka chake ghalani, vikaunganishwa, vikashikana barabara. Lo, ulikuwa ugonjwa wa zamani, na chanjo yake ipo!

Mbuzi wakachanjwa, minada ikafunguliwa. Kyalo akavuka mto na mbuzi wake watatu, mmoja akamkojolea viatu vipya, vigelegele vikampokea. Bwana Musembi naye alikuja arusini, koti limetoboka kiwikoni, akacheza kuwashinda vijana. Ndunge alipomwonyesha lile tundu, mzee akainua mkono juu watu wote walione.

"Nimekoma!" akasema. "Kipande kwako, kiraka kwa mwenzio!"

Nilimsikia kwa masikio yangu, kwa kuwa nilikaa mbele kabisa, nimevaa shela. Viatu vile baba yenu anavyo mpaka leo. Nanyi msingekuwapo hapa kuniuliza, wanangu, kama shangazi yenu angeendelea kuona haya. Kipande kwako, kiraka kwa mwenzio.