Mzee Ndaro na Kamba ya Ng'ombe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wenye usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama uingie ama utoke, unatuletea baridi.

Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kilichopenda mchezo wa ng'ombe kuliko kula. Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, dume la ng'ombe huletwa uwanjani. Hufungwa kamba shingoni, kamba ikazungushwa kwenye nguzo iliyochimbiwa katikati, na ncha yake ikashikwa na mtu mmoja. Vijana huingia mmoja mmoja, wakamchokoza kwa nguo, wakimchezea mbele ya kiti cha Jumbe. Zumari inalia, piri-piri-piii! Ngoma zinajibu, ndu! ndu! ndu!

Kamba ile haikushikwa na mtu yeyote tu. Ikilegea kidogo wakati mbaya, kijana hana pa kukimbilia. Kwa hiyo desturi yao ilikuwa hivi: kamba hushikwa na mtu asiye na ukoo pale, asiye na ndugu wa kumpendelea wala hasimu wa kumkomoa. Mtu huyo alikuwa Mzee Ndaro.

Mzee Ndaro alitoka nchi ya mbali, ng'ambo huko. Alikuja na mkewe wakiwa vijana, mkewe akafa, akamzika pale pale, na yeye akazeekea pale. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena mkaidi kidogo, nisimpambe sana. Lakini kamba aliishika vizuri. Hata wanawake walimtungia wimbo:

*Mwacheni aje, mwacheni aje,*
*kamba kwa mgeni, asiye nduguye!*

Basi, asubuhi ya siku ya mchezo, Mzee Ndaro anapiga mswaki uani. Mara, hodi!

"Karibu, Jumbe."

Jumbe Mshangama mwenyewe, peke yake, bila mpambe. Hakukaa. Akasema, "Leo Shaame ataingia uwanjani."

"Nimesikia."

"Akiingia, legeza kamba. Urefu wa pima mbili tu. Watu watasema imekuponyoka."

Mnamjua Shaame? Hamumjui, nyie mmezaliwa jana. Shaame ni yule kijana aliyesimama barazani, mbele za watu, akamwuliza Jumbe kwa nini amezungushia ua kisima cha kijiji kizima. Swali hilo tu. Jumbe hakulijibu, wala hakulisahau.

Mzee Ndaro akasukutua, akatema maji. "Na nikikataa?"

"Ukikataa, kamba nitampa mtu wangu. Na wewe utafungasha virago, urudi kwenu. Nyumba hii unakaa kwa idhini yangu. Hata kaburi la mkeo liko katika ardhi yangu. Fikiri, mgeni."

Akaenda zake, kanzu inapepea.

Mzee Ndaro aliogopa. Siwafichi. Kwenda kwa watu aseme? Nani angesikiliza neno la mgeni juu ya neno la Jumbe? Kumwambia Shaame asiingie? Kijana yule angeingia mbio zaidi. Kuiacha kamba? Shaame angekufa mchana huo huo. Akakaa kizingitini, akalitazama kaburi la mkewe pale nyuma ya nyumba, akakaa, akakaa. Kisha akainuka, akavaa msuli safi, akaenda uwanjani kabla ya watu wote.

Akaichukua kamba, akaivuta mpaka ilipoishia. Akaburuta kisigino mchangani, khwaaa, akapiga mstari. Ng'ombe hufika hapa, hapiti hapa.

Watu wakajaa. Zumari, piri-piri-piii! Jumbe akaja, akapanda jukwaani kwake kule mbali, chini ya chandarua cha kumkinga jua. Ndipo Mzee Ndaro akapaza sauti, yeye asiyesema.

"Jamaa zangu! Mimi mgeni wenu naona haya. Kwetu, siku ya ng'ombe, mkubwa wa mji hakai nyuma na watoto wachanga. Hukaa mbele, watu wamwone. Hebu mwaka huu nami mnipe heshima ya kwetu!"

Akakibeba kiti cha Jumbe kwa mikono yake, kabla mwenyewe hajakikalia, akakiweka. Wapi? Hatua moja tu nje ya ule mstari.

Jumbe akautazama mstari. Akamtazama mzee. "Mimi niko vizuri hapa."

Bi Mize, ajuza mwenye ulimi, akaangua kicheko. "Jumbe wetu anaogopa ng'ombe aliyefungwa?"

Uwanja mzima ukacheka. Angefanyaje? Aseme anaogopa? Aseme sababu? Akashuka, akaketi. Vigelegele!

Ng'ombe akaletwa. Dume jeusi, shingo nene, linapumua hfuu! hfuu! Akaingia kijana wa kwanza, akacheza, akatoka. Akaingia wa pili, akatoka. Kisha akaingia Shaame.

Ngoma, ndu! ndu! Shaame akasimama pale desturi inapomtaka, mgongo wake kwa kiti cha Jumbe. Akatikisa nguo. Ng'ombe akapekua mchanga kwa kwato. Jumbe hakumtazama ng'ombe. Aliitazama mikono ya mzee.

*Mwacheni aje, mwacheni aje,*
*kamba kwa mgeni, asiye nduguye!*

Ng'ombe akaja. Gu! gu! gu! gu!

Na Mzee Ndaro, kamba mkononi, akaita kwa nguvu zake zote: "Jumbe! Asubuhi uliniagiza jambo la kamba! Nimezeeka, nimesahau! Nilegeze au nikaze?"

Ngoma zikanyamaza. Gu! gu! gu!

"Kaza!" akasema Jumbe.

"Sikusikia!"

Gu! gu! gu! Shaame hana pa kwenda, kiti kiko nyuma yake. Jumbe hana pa kwenda, umma uko nyuma yake.

"Kaza! Kaza, Mzee Ndaro! Nakuomba, KAZA!"

Mzee akaegemea nguzo, akakaza. Kamba ikalia, kwiii! Ng'ombe akasimama mstarini, pua yake kifuani kwa Shaame. Akapiga chafya. Ute ukampita Shaame begani, ukaichafua kanzu ya Jumbe tangu kolani mpaka magotini.

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanafikiri.

Bi Mize akauliza polepole, "Mzee Ndaro, asubuhi Jumbe alikuagiza nini?"

Jumbe akafumba macho. Roho yake ilikuwa mikononi mwa mgeni, na alilijua hilo.

Mzee Ndaro akasema, "Si mmemsikia wenyewe? Aliniagiza nikaze."

Basi. Nani atamfukuza mtu kwa kutii amri iliyosikiwa na kijiji kizima? Jumbe hakumgusa tena. Juma lile lile ule ua wa kisima ukang'olewa, na hakuna aliyeuliza nani kaung'oa.

Jioni Shaame alimsindikiza mzee nyumbani. Akauliza, "Babu, kumbe kwenu mkubwa wa mji hukaa karibu na ng'ombe hivyo?"

Mzee Ndaro akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Kwetu, mjukuu wangu, hakuna ng'ombe. Tuna mbuzi tu."

Sikieni basi, wanangu, na hasa nyinyi mnaopenda kuamuru. Ukitaka kamba ilegezwe juu ya mwenzako, nenda kwanza ukaketi pale itakapofika. Ukiweza kukaa, sema. Usipoweza, nyamaza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.