Mlango wa Ningu

Mliosimama kule nyuma sogeeni, wapendwa, nafasi zipo huku mbele. Nataka kuwapa mfano wa watu wawili waliokuwa na kazi ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisikia: kazi ya kuwapima samaki. Ni mfano tu, msije mkaenda kuwatafuta.

Mmoja aliitwa Wegesa, mama wa watoto wakubwa. Mwingine aliitwa Nyamhanga, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Wote wawili walikuwa mafundi wa kituo cha utafiti wa samaki. Kila masika walitumwa juu milimani, kwenye mto mmoja mdogo unaoshuka mpaka ziwani. Msimu huo samaki anayeitwa ningu huacha ziwa na kupanda mto kwenda kutaga. Anapanda tumbo limejaa mayai, anapigana na maji yanayomrudisha chini, mpaka afike kule kwenye changarawe na maji safi.

Walitega uzio wa miti na nyavu kukatiza mto wote, wakaacha uwazi mmoja tu wa kuingilia kwenye kizimba. Ningu akipanda anakuta uzio, anahangaika kutafuta njia, anaingia kizimbani. Asubuhi Wegesa anawatoa, anawapima, anawatia alama ndogo mgongoni, anawaachia upande wa juu waendelee na safari yao. Jioni ni zamu ya Nyamhanga. Mlango wa kizimba haufunguki wenyewe. Lazima mtu aingie majini, aufungue.

Kule porini walipika chungu kimoja. Nyamhanga alimwita mwenzake dada, naye Wegesa alimwita kaka, na hawakusema hivyo kwa adabu tu. Mmoja akishikwa na homa, mwingine alimkorogea uji.

Basi masika moja mvua ilinyesha kupita kiasi. Mto ukajaa, ukawatenga na barabara. Wegesa akapanda kilima, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, akapigiwa na shemeji wa Nyamhanga. Akaambiwa, "Mtoto amezaliwa, lakini hakupumua. Mama yake mzima. Tunazika kesho mchana. Mwambie mwenzako."

Wegesa akashuka kilima. Akautazama mto pale kwenye kivuko, chini zaidi ya uzio ambapo vijito vingine hujiunga nao, unabeba miti mizima na mizizi yake. Alimjua Nyamhanga. Akimwambia, ataingia kwenye yale maji, na hatatoka. Alipofika kambini Nyamhanga akamuuliza, "Vipi dada, umewapata nyumbani?"

Akajibu, "Mtandao umesumbua, kaka. Tujaribu tena baadaye."

Wakala ugali wao. Nyamhanga akawa anataja majina ambayo atampa mtoto, huku akicheka.

Ningewauliza ninyi mlioketi hapa, mngefanyaje? Mngesema?

Mazishi yakapita. Siku iliyofuata Nyamhanga alipanda kilima mwenyewe. Aliporudi hakuketi. Alisimama mbele ya Wegesa, akasema, "Ulijua."

"Nilijua, kaka."

"Nilikuwa nakutajia majina."

"Mto ungekuchukua. Mkeo angezika wawili."

"Basi ungeniacha nisimame hapo ukingoni nilie. Mwanangu anafukiwa, mimi niko hapa nacheka na wewe."

Nyamhanga akahamisha hema lake, akawasha moto wake peke yake. Mto ulikuwa bado umejaa, hakuna wa kuondoka. Wakabaki pale, watu wawili, moto huku na moto kule, bila salamu. Wegesa akaona aibu kwenda mtoni, kwa sababu Nyamhanga alikuwa anakaa kule akitazama ng'ambo. Akajiambia, yuko pale, bila shaka anafungua mlango. Nyamhanga naye, kama aliufikiria mlango, aliona ni kazi ya yule mwanamke asiyetaka hata kumtazama usoni.

Sasa nawauliza. Kati ya hawa wawili, nani mwenye kosa? Naona kina mama wanatikisa kichwa, wanasema alimwokoa maisha. Naona wazee hapa mbele wanasema hapana, mtu hanyimwi msiba wake. Endeleeni kuamua, nitawafikia.

Asubuhi moja Nyamhanga alikuwa kule kilimani, na Wegesa akashuka kuchota maji. Akasikia harufu. Akasogea mpaka kwenye uzio. Kizimba kilikuwa kimeshonana samaki, wengi wamekufa wamesimama vilevile kwa kubanana. Na chini ya uzio, mto ulikuwa mweusi kwa migongo ya ningu. Walikuwa wanagonga nyavu kwa pua, wanarudi nyuma, wanagonga tena, pua zimechubuka. Wengine wamechoka, mayai yanawatoka hapohapo, yanakwenda na tope.

Wegesa akaingia majini na nguo zake. Akajaribu kufungua mlango, lakini takataka za mafuriko zilikuwa zimeuziba. Akaanza kung'oa miti ya uzio kwa mikono, haing'oki. Akawa analia na kung'oa. Ndipo akaona mikono mingine imeushika mti ule ule. Nyamhanga alikuwa amemwona kutoka juu, akateremka.

Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Kata nyavu upande huo, mimi nishike huu."

"Kaka, utafiti wa msimu mzima utapotea."

"Kata."

Wakakata. Uzio ukalala, na ningu waliokuwa wamebaki na nguvu wakapita katikati ya miguu yao. Nyamhanga akasimama kwenye maji yale, akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza, na Wegesa akamshika bega. Mto ulipopungua walivuka pamoja, wakaenda mpaka kaburini. Mambo yao waliyazungumza huko, na yaliwachukua muda mrefu.

Haya, wapendwa, mmeshaamua nani mwenye kosa? Nilipowauliza, kanisa zima lilinong'ona. Upande huu mlimtetea Wegesa, upande ule Nyamhanga. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, "Mchungaji, na samaki je? Nani anawafungulia?"

Sisi tumegawanyika humu ndani tangu Pasaka. Sitasema kwamba ni mambo madogo. Kuna watu wameumizwa hapa, na wana haki ya kuumia. Lakini Jumapili iliyopita alikuja mama mgeni, amefiwa na mumewe, ameketi benchi la mwisho ibada nzima. Akaondoka bila mtu kumuuliza jina; habari zake na nyumba yake nimeelezwa baadaye na jirani yake. Kundi hili lilidhani ni mgeni wa kundi lile. Watoto wa kipaimara hawana mwalimu, kwa sababu walimu wawili hawasalimiani. Watu hawa wanapanda kuja kwetu wamebeba uhai tumboni, na sisi ndio tuliopewa kazi ya mlango.

Siwaombi mpatane leo. Pengine hamtaweza leo. Naomba baada ya ibada wazee wa pande zote mbili mbaki hapa mbele, tupange nani atakwenda kwa yule mama mchana huu. Nendeni wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Hata kama njiani hamtazungumza.