Mlango wa Nyamvula

Mpo wote? Aliyesinzia mwamsheni, hii inamhusu.

Palikuwa na wafalme wawili, Mwakitu wa juu na Chirau wa bondeni. Walipigania kiti mpaka nchi yote ikaungua. Zimwi likaona huruma, likawapa jembe. "Lishikeni pamoja. Mkipiga chini, nyumba itaota."

Wakakubali kutawala wote wawili. Wakaanza na nyumba ya Nyamvula, mjane mwenye mtoto mgongoni, maana mvua imeshaanza na hana pa kujificha.

Sasa desturi ya kwao, mlango wa nyumba hutazama kwa mkubwa unayemwamkia asubuhi.

Wakapiga. Nyumba ikaota, mlango ukitazama bondeni. Mwakitu akasema, "Sitaki!" Ikazama. Wakapiga tena, mlango ukitazama juu kwa Mwakitu. Chirau akasema, "Sitaki!" Ikazama.

"Baba zangu, mtoto analowa!" akalia Nyamvula.

Wakapiga mara ya tatu, wakasema kwa pamoja, "Mlango wako sitaki!" Nyumba ikaota ikamzunguka Nyamvula, mlango haina kabisa. Mtoto analia ndani, wao nje wanasukumana.

"Umefanya nini wewe?"

"Mimi? Si wewe!"

Zimwi likaitwa. Likaizunguka nyumba, likakuna kichwa, likarudi porini.

Nyamvula akaubomoa ukuta, bado mbichi, kwa mikono yake. Akatoa kichwa. "Shikamooni. Nileteeni kuni, mtoto ana baridi."

Wafalme wakatazamana. "Kamwamkia nani?"

Majirani wakaingiza kuni kwa tundu lile lile. Wale wawili mpaka leo wako nje, wanabishana tundu linatazama kwa nani. Msiniulize mimi. Nendeni mkalale.